Model T ya 1923 na Bel Air ya 1957 Chini ya Paa Moja

Kwenye Ford Model T, pedali ya kulia ni breki. Ya katikati ni rivasi. Ya kushoto ndiyo gia: ukiikanyaga mpaka chini umeingiza ya kwanza, ukiiachia ipande mpaka juu umeingiza ya pili, na ukiishikilia katikati gari limo huru. Mafuta hayakanyagwi, yanaongezwa kwa kijiti kilicho chini ya usukani mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kuna kijiti cha pili cha kuwahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Nimeendesha magari tangu ujana wangu Tanga, Land Rover, Bedford, Isuzu za mizigo, na mazoea yote hayo niliambiwa niyaweke kando siku Mzee mwenye gereji aliponiketisha kwenye Model T ya 1923 na kunitaka nizunguke nayo uwanjani. Alinielekeza nitamke kwa sauti kila nilichotaka kufanya kabla mguu haujasogea. Breki, kulia. Rivasi, katikati. Ndivyo yeye mwenyewe alivyofundishwa na babu yake.

Gereji yetu iko kaskazini mwa Detroit, jimbo la Michigan, na kazi yake ni kufufua magari ya zamani. Msimu mmoja wa baridi tulipokea mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu mpaka theluji ilipoyeyuka: hiyo Ford, nyeusi, ya wazi, yenye paa la turubai, na Chevrolet Bel Air ya 1957, milango miwili, bodi ya buluu na paa la rangi ya maziwa. Nilikabidhiwa yote mawili. Kati yao kuna miaka 34, na kwa kuwa nilikuwa nikitoka chini ya moja na kuingia chini ya jingine siku ileile, nilianza kuona jambo ambalo nisingeliona kama yangekuja kwa nyakati tofauti. Wageni wa gerejini huuliza lipi lina kasi na lipi lina bei. Mimi niliona kwamba kila moja lina mtu ndani yake, yule ambaye wahandisi walimwaza walipokuwa wakilichora. Ukishamjua mtu huyo, kila bolti inajieleza yenyewe.

Mtu wa Model T alikuwa mkulima anayeishi mbali na mji. Barabara yake ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha matope yalifika kwenye ekseli. Kwa ajili yake gari limeinuliwa juu, matairi ni membamba na marefu, na kila ekseli imening'inizwa kwenye springi moja iliyolazwa kimkingamo, ili gurudumu moja liweze kuzama shimoni na la pili likabaki juu bila chasisi kuteseka. Chuma chake kilichanganywa na vanadi, jambo ambalo mwaka 1908, gari lilipoanza kuuzwa, lilikuwa geni kwa magari ya bei ya chini. Ekseli ukizitazama utadhani ni za mkokoteni, lakini za Ford yetu zilikuwa zimenyooka baada ya karne nzima.

Injini ina silinda nne, ukubwa wa lita 2.9, na inatoa nguvu za farasi 20 tu. Hewa inabanwa kwa uwiano wa karibu 4 kwa 1, kwa hiyo haichagui petroli. Ile duni kabisa ya enzi zile iliitosha. Pampu ya maji haina. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe kwenye rejeta, yakipoa yanashuka, basi. Pampu ya mafuta pia haina. Tangi liko chini ya kiti cha mbele na petroli inateremka yenyewe kwenda kwenye kabureta, ndiyo maana dereva wa Model T aliyekuta mlima mkali na tangi likiwa limepungua aligeuza gari akapanda kinyumenyume. Na kinyumenyume ilipanda vizuri, maana rivasi yake ina nguvu kuliko gia ya kwanza. Kijiti cha kupimia oili hakuna. Unajilaza chini ya gari, unafungua kibomba cha juu kati ya viwili vilivyo nyuma ya injini. Oili ikitoka, una ya kutosha. Ukilazimika kufungua cha chini na kikawa kikavu, usiwashe.

Nilipokuwa nimelala pale chini na oili ikinidondokea mkononi, nilielewa kwamba mkulima yule alitarajiwa kufanya hivi hivi, zizini kwake, bila kumwita mtu. Spea ziliuzwa hata kwenye maduka ya misumari na majembe. Gari lilikuwa na nafasi katika shamba lenyewe: watu waliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, wakalivalisha mkanda, wakaendesha msumeno wa kuni au mashine ya kusaga. Mwenye Ford yetu alitusimulia kwamba kwao hadithi hiyo ipo katika ukoo, na kwa kweli kwenye ringi ya gurudumu la nyuma la kushoto rangi ililika kwa namna ambayo lami au kokoto haiwezi kuila.

Kuwasha kulinifundisha zaidi ya kuendesha. Ford yetu ilitoka kiwandani bila stata. Tangu 1919 stata ya umeme ilipatikana, lakini kwa magari ya wazi mteja aliilipia zaidi. Basi ni hendeli. Kwanza unavuta breki ya mkono mpaka nyuma kabisa, kwa sababu breki hiyo ndiyo pia inayoachanisha injini na magurudumu; ukisahau, gari litakupanda likiwaka. Pili, kijiti cha kushoto kinapandishwa juu ili moto uchelewe. Moto ukiwahi, pistoni inarudi nyuma na hendeli inarudi nayo, na mkono umevunjika. Tatu, unashika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kama unavyoshika jembe. Kisha unavuta kutoka chini kwenda juu, kamwe husukumi kwenda chini. Mzee alinisimamia nirudie hatua hizo bila injini kuwashwa, mpaka akaridhika.

Halafu kuna baridi ya Michigan. Ndani ya giaboksi ya Model T sahani za klachi zinaelea kwenye oili ileile ya injini. Oili ikigandishwa na baridi, sahani zinashikana hata ukiwa umeachanisha, na gari linaanza kukusogelea taratibu mara tu linapowaka, wewe ukiwa mbele yake na hendeli mkononi. Dawa yao ya kale ni kuinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki kabla ya kupiga hendeli, lizunguke hewani mpaka oili ilainike, ndipo ulishushe. Nililifanya hilo asubuhi ya Januari na sikuona ushamba wowote ndani yake. Ni akili ya mtu aliyejua gari lake kama anavyomjua ng'ombe wake wa maziwa.

Kazi iliyonichukua moyo ilikuwa beringi. Injini ilikuwa ikigonga, ule mlio mzito wa chini ambao fundi yeyote anaujua. Kwetu Tanga nilifundishwa beringi za krenki za kununua: unapima, unaagiza saizi, unabandika, unafunga kwa nguvu iliyoandikwa. Kwenye Model T beringi hununui, unaimimina. Ni madini meupe ya bati yaliyochanganywa na shaba na antimoni, yanayoyeyushwa kwenye chungu cha chuma na kumiminwa moja kwa moja kwenye konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki. Mzee hakutumia kipimajoto. Alichovya kijiti cha msonobari ndani ya madini. Kikigeuka rangi ya kahawia bila kushika moto, joto limefika. Konrodi yenyewe lazima iwe imesafishwa, imepakwa bati, na imepashwa moto kabla, la sivyo madini yatakataa kushikana na chuma na yatabanduka siku ya kwanza barabarani.

Ikishapoa inachongwa, halafu inakuja kazi ya subira. Unapaka rangi ya buluu nyembamba kwenye krenki, unafunga konrodi, unaizungusha, unaifungua. Palipogusa pana buluu. Hapo unakwangua kwa kisu maalumu, kidogo mno, unafunga tena. Mara ya kwanza buluu ilionekana kwa madoa mawili ya pembeni. Jioni ilikuwa imesambaa karibu kote. Fundi aliyenilea Tanga, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono wa namna hiyo. Aliweza kukwambia beringi inabana kwa kuizungusha tu kwa kidole. Nilitamani angekuwepo. Huku niko na vipimo vya dijitali vya kila aina, na kazi hii bado inataka mkono wa aina yake.

Beringi ikilegea baada ya safari nyingi, chini ya injini, kwenye bakuli la oili, kuna mfuniko. Unaufungua, unafikia vifuniko vya konrodi, unapunguza kingo zake kwa tupa, kidogo mno, unakaza tena. Fikiria: kiwanda kiliweka mfuniko huo kikijua kwamba mwenye gari siku moja atalala chini yake na kuufungua. Sijawahi kuona heshima kubwa namna hiyo kwa mnunuzi wa gari, tena mnunuzi maskini. Na gari hili lilitengenezwa kwa wingi usiosikika kabla yake: mwaka huo wa 1923 peke yake, Ford walitoa karibu milioni 2, mpaka uzalishaji ulipokoma Mei 1927 yalikuwa yamepita milioni 15. Bei ilianza kwenye dola 825 mwaka 1908, na kufikia 1925 la viti viwili liliuzwa dola 260.

Lakini nisifiche upande wa pili. Breki ya mguu ya Model T haishiki magurudumu. Inashika mkanda ndani ya giaboksi. Kipande chochote kikikatika kati ya giaboksi na magurudumu ya nyuma, umebaki na breki ya mkono, ambayo ni dhaifu. Magurudumu ya mbele hayana breki kabisa. Kupanda mlima mrefu unakanyaga pedali ya kushoto mpaka chini muda wote, na mguu unatetemeka. Lainingi za pamba za mikanda ile zinachakaa, na kuzibadili ni kazi ya kuingiza mikono ndani ya tundu dogo lililojaa oili, ukiomba nati isidondoke. Na hendeli iliwafungia nje watu wengi: wazee, wadogo wa mwili, wenye mgongo mbovu. Gari lililomheshimu mkulima mwenye misuli halikuwa na neno la kumwambia mama yake.

Bel Air ilikuja kwetu kutoka kwa mjane wa makamo ya juu, mama ambaye mumewe aliinunua ikiwa tayari kuukuu, wakaitumia harusini kwa watoto wao. Alitaka jambo moja: aweze kuiendesha mwenyewe. Magoti yake hayakumruhusu tena kupambana na klachi. Hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa Bel Air ile ina Powerglide, giaboksi ya kujibadili yenyewe yenye gia mbili. Inanishangaza kila nikifikiri: gari zote mbili zina gia mbili za mbele, na zote mbili zinatumia gia za sayari, zile zinazozunguka ndani ya nyingine huku mikanda na klachi zikiamua ipi ishikwe. Kwenye Ford anayeamua ni mguu wa dereva. Kwenye Chevrolet ni shinikizo la oili. Aliyefungua moja hapotei ndani ya nyingine.

Mtu wa Bel Air ni nani? Anakaa kitongoji cha nyumba mpya, ana kazi ya mshahara, na kuna kituo cha petroli kila kona chenye kijana wa kumfutia kioo. Hatarajiwi kulala chini ya gari. Suti yake itachafuka. Juni 1956 Rais Eisenhower alikuwa ametia saini sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo, maili 41,000 zikiwa zimepangwa, na mtu huyu anaziona kichwani. Kwa ajili yake magurudumu yamepunguzwa kuwa ya inchi 14 ili gari likae chini, na injini ya V8, yaani ya silinda nane, ya inchi za ujazo 283, yaani lita 4.6, inatoa nguvu za farasi 185 katika umbo lake la kawaida. Lile la kifahari kabisa, lenye kupuliza mafuta badala ya kabureta, lilifikia 283, farasi mmoja kwa kila inchi ya ujazo, na Chevrolet walijitangaza sana kwa hilo.

Kwa ajili yake pia vitu vimefichwa. Mdomo wa tangi la petroli huuoni. Unashika nakshi ya kromu kwenye mgongo wa pezi la kushoto, ule ubavu wa nyuma ulioinuka kama pezi la samaki, juu ya taa ya nyuma, inafunguka kama mlango, na mfuniko uko ndani. Mafundi wachanga waliokuja gerejini waliizunguka gari wakitafuta mahali pa kujaza mafuta. Mbele, juu ya taa, kuna matundu yanayopitisha hewa kwenda kwa abiria, lakini yamechorwa yaonekane ni urembo. Grili ina rangi ya dhahabu. Ubavuni kuna bamba la alumini lenye mistari midogo ambalo halifanyi kazi yoyote isipokuwa kuonekana.

Na hapo ndipo pesa ya mama yule ilipokwenda. Injini haikuwa shida. Hiyo V8 ndogo ya Chevrolet, iliyoanza mwaka 1955 chini ya mhandisi mkuu Ed Cole, ni kati ya injini zilizonyooka kuliko zote nilizowahi kufungua. Ni nyepesi kwa umri wake, spea zake zipo mpaka leo, na kila kitu kinafikika ukiwa umesimama wima. Tulibadili ringi, vali, gasketi, tukaifunga. Bodi ndiyo iliyotula. Chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi ilikuwa imekula sakafu, imekula masanduku ya taa za mbele, imekula kingo za chini za milango. Nilikata na kuchomelea kwa majuma. Kromu ilibidi ipelekwe kwa wataalamu, na ilirudi na ankara iliyozidi gharama ya injini nzima. Kwenye Model T, kwa kulinganisha, kromu hakuna, na mbawa za magurudumu zinafungwa kwa bolti. Ikioza moja unatoa unaweka nyingine.

Kwa hiyo nilijikuta nikifanya kazi za aina mbili. Asubuhi nikikwangua beringi ambayo hakuna mtu atakayeiona, jioni nikinyoosha pezi ambalo kila mtu ataliona. Zote mbili ni kazi za haki. Mjane yule alipoliona pezi limerudi katika mstari wake aliweka mkono pale akakaa kimya, kisha akaniuliza jina langu tena, alitamke vizuri.

Magari haya yana ugomvi wa kale kati yao ambao Mzee anapenda kuusimulia, na nimeupenda na mimi. Henry Ford aliamini kwamba gari zuri likishapatikana halina sababu ya kubadilishwa. Kuanzia 1914 mpaka 1925 hata rangi ilikuwa nyeusi tu. Mwaka huohuo wa Ford yetu, 1923, Alfred Sloan alishika urais wa General Motors, na fikra yake ilikuwa kinyume: mpe mteja sura mpya kila mwaka, mpe rangi, mfanye alitamani gari la kesho. Aliyeongoza Chevrolet katika vita hivyo alikuwa William Knudsen, mtu aliyekuwa ameisaidia Ford kujenga viwanda vya Model T kabla ya kuondoka mwaka 1921. Kufikia 1927 Chevrolet walikuwa wameipita Ford, na Model T ikasimamishwa. Mapezi ya 1957 ni matunda ya fikra ile ya Sloan. Yalidumu msimu mmoja, mwaka 1958 Chevrolet wakaja na bodi nyingine kabisa. Nikiwa chini ya paa moja na mshindi na mshindwa, sikuweza kusema kwamba mmoja wao alikosea kuhusu binadamu. Watu wanataka kitu kinachodumu. Watu hao hao wanataka kitu kipya.

Kuna 1923 nyingine inayoyaunganisha. Februari mwaka huo, huko Dayton, Ohio, petroli yenye madini ya risasi iliuzwa kwa mara ya kwanza, zao la maabara za General Motors. Risasi ile iliruhusu injini kubana hewa zaidi bila kugonga, na bila hiyo V8 ya 1957, inayobana kwa 8.5 kwa 1, isingekuwa ilivyo. Sumu yake tumeivuta dunia nzima. Marekani waliipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006. Mimi nilianza ufundi nikiosha kabureta kwa petroli ile kwa mikono mitupu, kama walivyofanya vijana wote wa gereji wa wakati wangu, na hakuna aliyetwambia. Ninaipenda injini ya Bel Air, lakini siwezi kuisifu nikaliacha hilo pembeni.

Wala siwezi kukubaliana na wanaoshika boneti ya Bel Air na kusema kwamba chuma cha zamani kilikuwa chuma kweli, tofauti na haya makopo ya leo. Usemi huo nimeusikia Tanga na nimeusikia Detroit. Mwaka 2009 Insurance Institute for Highway Safety, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, waligonganisha uso kwa uso Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009. Kabini ya gari la zamani ilikunjamana, na sanamu iliyokaa kwa dereva ilionyesha kwamba mtu asingepona. Aliyekuwa kwenye Malibu angeumia mguu tu. Bel Air ya 1957 ni ya ukoo huohuo: usukani wake uko juu ya nguzo ndefu ngumu inayoelekea kifuani, dashibodi ni bati, mikanda ya kiti ilikuwa ya kulipia. Breki zake ni drumu pande zote nne, zikitegemea mfumo mmoja wa maji ya breki, kwa hiyo bomba moja likipasuka huna kitu. Tulimshawishi mjane tumwekee silinda kuu yenye njia mbili, breki za diski mbele, na mikanda. Wapo wanaosema tumeharibu uhalisi wake. Mimi nililala vizuri usiku ule.

Majira ya joto tuliyatoa yote mawili kwenye Woodward Avenue. Ni barabara yenye haki na magari kuliko nyingine yoyote ninayoijua. Kati ya Barabara ya Maili Sita na ya Maili Saba iliwekwa maili ya zege mwaka 1909, ya kwanza ya aina yake kwa barabara kuu nchini humu. Ukishuka kusini unapita Highland Park, kwenye jengo ambamo mwaka 1913 Ford walianzisha mstari unaojongea, na muda wa kuunganisha chasisi ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi takriban dakika 93. Kila Agosti maelfu ya magari ya zamani hujaza Woodward kuelekea Pontiac, kwenye Woodward Dream Cruise.

Nilianza na Ford. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa mikono yote ina kazi: kijiti cha mafuta, kijiti cha moto, usukani unaovuta kila panapo ufa. Sauti ya koili nne ndani ya visanduku vyake vya mbao inasikika ikivuma kabla ya injini kukaza. Beringi nilizozikwangua hazikutoa mlio. Unasikia kila kitu na unajua kila sauti inatoka wapi, na hilo kwangu ni furaha isiyo na mfano. Baada ya hapo nikaingia kwenye Bel Air, nikafunga mkanda, nikaweka D, nikagusa mafuta. Barabara ileile ikapotea chini. Mvua ya ghafla ilipotunyeshea niligundua kwamba nikikaza mafuta waipa zinapunguza mwendo, maana zinaendeshwa na mvuto wa hewa wa injini yenyewe; ukiachia, zinaamka tena. Mjane alikuwa kiti cha pembeni. Aliniambia nimpishe, na aliirudisha nyumbani mwenyewe.

Mimi nikipewa moja la kubaki nalo, nachukua Model T, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kitakachonishinda mkono wangu. Lakini nikimnunulia mama yangu, yuko Tanga na ana miaka yake, nitamnunulia la pili bila kusita, na nitabadili breki kabla hajaligusa.

Kwa Waswahili wenzangu walioko huku wanaofikiria kununua: kwa Bel Air msianze na injini. Nyanyueni zulia mtazame sakafu, ingizeni mkono nyuma ya taa za mbele, fungueni buti muinue tairi la akiba. Paa lisilo na kutu halitoshi kama chini pameoza. Pezi lililojazwa plasta litajulikana kwa sumaku ndogo mliyoifunga kwa kitambaa. Kwa Model T, tikiseni spoku za mbao za magurudumu mkisikiliza kama zinalia, kisha mwombeni mwenye gari asiiwashe kabla hamjafika. Iwashwe mbele yenu ikiwa baridi, kwa hendeli, halafu swichi ihamishwe kutoka betri kwenda kwenye magineto, zile sumaku za ndani ya injini zinazozalisha umeme wa plagi. Injini ikizima hapo, sumaku zimechoka, na kuzifikia ni lazima injini itolewe nje. Hiyo ishushwe kwenye bei.